Alama za Taifa Letu: Maana Yake Nini?

Somo kwa waalimu, wazee wa sharika na wote wapendao kujifunza

Kila siku ya shule, asubuhi, watoto wa Bulyaga husimama mbele ya mlingoti. Bendera hupandishwa, na wimbo wa Taifa huimbwa. Jioni, saa kumi na mbili, bendera hushushwa penye ofisi za serikali, na mpita njia husimama kimya mpaka imekwisha kushuka. Mambo hayo tumeyaona tangu utoto, nayo yamekuwa kama njia ya kisimani, ambayo miguu huipita bila macho kuitazama. Lakini mkimwuliza mtu, “Rangi ile nyeusi maana yake nini? Na kwa nini miguuni pa mwanamume yule wa kwenye ngao pana mkarafuu, hali sisi wa Rungwe hatulimi karafuu?” wengi hunyamaza, na wengine hujibu neno walilolitunga papo hapo.

Katika Katekisimo tumezoea kuuliza neno moja baada ya kila fungu: Maana yake nini? Swali hilo ni jema hata nje ya Katekisimo. Alama isiyoulizwa maana yake huwa pambo tu, au, lililo baya zaidi, huwa kitu cha kuogopwa. Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuzisoma alama za nchi yetu moja moja: bendera, ngao, wimbo, mwenge na twiga. Tutatazama zilikotoka, tutauliza zinasema nini, na mwisho tutauliza zinamdai nini mtu wa Rungwe.

1. Alama zilizokuwapo kabla ya hizi

Babu zetu walijua alama za utawala kabla hawajaiona bendera. Kwa Wanyakyusa, wakati wana wa Malafyale walipokabidhiwa nchi katika sherehe iitwayo ubusoka, mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti na kugawiwa watu. Tena miti ilipandwa iwe ukumbusho wa utawala mpya. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza watu maana ya mambo hayo. Kila mwanamke aliyepika chakula chake kwa moto ule alijua kwamba enzi imegeuka, na kila mtoto aliyecheza chini ya mti ule alijua ulipandwa siku gani na kwa ajili ya nani.

Bendera ililetwa na wageni. Wajerumani walipojenga boma lao hapa Tukuyu, wakaliita Neu Langenburg, walipandisha bendera ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyotoka kusini yalilitwaa boma, na bendera ya Uingereza ikashika mahali pa ile. Hata Tanganyika ilipopewa alama yake chini ya Waingereza, ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe, katika bendera nyekundu ambayo pembeni mwake ilichukua bendera ya Uingereza. Kule Zanzibar bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Mwezi Desemba 1963 ilitiwa duara la kijani lenye karafuu mbili, wala haikupepea muda mrefu, maana Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964.

Bendera hizo zote zilikuwa na maana, lakini maana hiyo ilitungwa mbali, nayo ilisimulia habari za wafalme wa mbali. Mtu wa Rungwe aliyeitazama alisoma ndani yake jambo moja tu: nani sasa anayepokea kodi ya nyumba. Tukitaka kuijua tofauti ya bendera ya leo na zile za zamani, tuanzie hapa. Zile zilimtaja mtawala. Ya leo inamtaja mtu mwenyewe, na nchi anayoilima, na maji anayoyanywa. Ndiyo maana ni aibu kuwa nayo bila kuweza kuisoma.

2. Bendera ya Taifa

Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, bendera yake ilikuwa ya kijani juu na chini, na nyeusi katikati, na mistari miembamba ya dhahabu kati yake. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru. Kule Zanzibar, baada ya Mapinduzi, bendera ilikuwa ya buluu, nyeusi na kijani, nazo ni rangi za chama cha Afro-Shirazi. Nchi hizo mbili ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Ilibidi kupata bendera moja, na tarehe 30 Juni mwaka ule ule ikakubaliwa hii tuliyo nayo.

Tazameni jinsi ilivyoungwa. Hawakuichukua ya mmoja na kuitupa ya mwenzake. Kijani na nyeusi zilikuwamo katika bendera zote mbili. Dhahabu ilitoka Tanganyika, na buluu ilitoka Zanzibar. Mstari mweusi, wenye kingo za dhahabu, hupanda mshazari kutoka pembe ya chini iliyo upande wa mlingoti hata pembe ya juu ya upande wa pili. Juu yake, karibu na mlingoti, ni kijani. Chini yake ni buluu. Mwalimu afundishaye watoto kuichora awaonyeshe neno hilo, maana wengi huigeuza.

Kijani maana yake nini? Ni ardhi na mimea yake. Rangi hii haina haja ya kuelezwa sana kwetu, maana Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na macho yetu hayaoni ila migomba, chai, kahawa na misitu. Lakini mali ya kila siku huhesabiwa kidogo. Msituni mwa Mlima Rungwe yuko nyani wa aina ya pekee, aitwaye kipunji, ambaye wataalamu wa dunia hawakumjua mpaka mwaka 2003, ingawa wawindaji wa kwetu walimjua kwa jina. Hapatikani katika nchi yo yote isipokuwa Tanzania. Msitu ukikatwa wote, bendera itabaki na kijani chake, bali mlima utakuwa hauna kitu. Kitambaa kikichakaa hushonwa kingine, msitu haushonwi.

Nyeusi maana yake nini? Ni watu wa nchi. Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana wako wanaodhani rangi hii imewekwa ili kumtenga mtu ambaye ngozi yake si nyeusi. Mwezi Oktoba 1961, kabla kidogo ya uhuru, wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa kutazama rangi ya mtu. Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa kwa nguvu, hata akasema kwamba serikali yake itajiuzulu kama neno hilo likipita. Halikupita. Basi nyeusi ni sisi sote tulio raia wa nchi hii, nayo imewekwa katikati, ikizigusa pande zote mbili.

Dhahabu maana yake nini? Ni madini. Mawazo ya watu huenda upesi mpaka Geita kwenye dhahabu, au Mwadui kwenye almasi, au Mererani kwenye tanzanaiti. Lakini wazee wetu waweza kusimulia habari za karibu zaidi. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Rungwe walikwenda Chunya kwa miguu, ili kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa. Walichimba dhahabu ya nchi yao, wakapokea ujira mdogo, na dhahabu ikaenda zake. Mstari ule mwembamba wa bendera wasema kwamba mali iliyo chini ya ardhi ni ya watu wa nchi. Nao umewekwa kando ya nyeusi, upande huu na upande huu, kana kwamba mali imekuja kuwahudumia watu. Pale ambapo watu wanawekwa kando ya mali, bendera imesomwa kinyume.

Buluu maana yake nini? Ni maji: Bahari ya Hindi, maziwa na mito. Mtu asiyewahi kuiona bahari asidhani kwamba rangi hii ni ya watu wa pwani tu. Mto Kiwira upitao chini ya Daraja la Mungu, Ziwa Ngosi lililo juu ya mlima, na Ziwa Nyasa tunaloliona kwa mbali siku za mbingu safi, zote zimo katika buluu ile. Anayetupa takataka mtoni hawezi kusema kwamba anaiheshimu bendera, hata akisimama wima kama askari wakati wa kuishusha.

Tena tuongeze neno moja, ili wanafunzi wasichanganyikiwe. Zanzibar inayo bendera yake, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Ni ya buluu, nyeusi na kijani kwa kulala, na katika pembe ya juu upande wa mlingoti imo bendera ya Muungano. Mtoto akiiona asidhani kwamba Muungano umekwisha. Atazame pembe ile.

3. Ngao ya Taifa

Ngao, au Nembo ya Taifa, twaiona juu ya barua za serikali, vyeti vya shule na hati za mahakama. Wengine huiita “bibi na bwana” kwa sababu ya watu wawili wanaoishika. Jina hilo si matusi, lakini limewafanya wengi kutazama watu wale tu na kuyasahau mengine. Tuisome kutoka juu hata chini.

Ngao yenyewe ina sehemu nne. Ya kwanza, iliyo juu, ni ya rangi ya dhahabu, na ndani yake umo mwenge unaowaka. Mwenge ni uhuru, na pia ni maarifa yanayofukuza giza. Ya pili ni bendera ya Taifa. Ya tatu ni nyekundu, nayo ni udongo wenye rutuba wa Afrika. Ya nne ina mistari ya mawimbi, ya buluu na nyeupe, nayo ni bahari, maziwa na pwani za nchi. Mbele yake umesimama mkuki, alama ya kuulinda uhuru, tena shoka na jembe vimepishana, kwa maana hivyo ndivyo vyombo ambavyo wananchi wameijenga nchi kwa hivyo.

Ngao hiyo imewekwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Kuume na kushoto kwake zimesimama pembe mbili za ndovu, nazo zimeshikwa na mwanamume na mwanamke. Miguuni pa mwanamume upo mkarafuu, na miguuni pa mwanamke upo mpamba. Chini yao limeandikwa neno la Taifa: Uhuru na Umoja.

Watu wale wawili maana yake nini? Ni ushirikiano. Angalieni kwamba mwanamke hakuwekwa nyuma ya mwanamume, wala hakupewa mahali pa chini. Wamesimama kimo kimoja, kila mmoja akishika upande wake, na kama mmoja wao akiachilia, hakuna wa kushika upande ule. Jambo hili waalimu walifundishe kwa uwazi, maana ziko nyumba ambazo jembe ni la mama peke yake, na fedha ya mavuno ni ya baba peke yake. Nyumba kama hiyo haifanani na ngao.

4. Migomba yetu imo wapi?

Sasa twalijia swali gumu, ambalo mtu wa Rungwe mwenye kufikiri hawezi kukosa kuliuliza. Katika ngao mna mlima, lakini si Mlima Rungwe. Mna mazao, lakini si ndizi, wala chai, wala kahawa, wala mpunga wa ndugu zetu wa Kyela. Karafuu ni ya Unguja na Pemba. Pamba ni zao kubwa la Usukuma. Mlima ni wa upande wa kaskazini, safari ya siku nyingi kwa miguu. Je, sisi tumesahauliwa? Au ngao hii ni ya wengine, nasi tumekopeshwa tu?

Twajibu: Hapana; tena hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kama kila wilaya ingaliweka mmea wake katika ngao, isingalikuwa ngao tena, ila soko. Na kama kila mtu angaliheshimu alama ile tu iliyotoka nyumbani kwake, Msukuma angalipenda mpamba na kuudharau mkarafuu, Mpemba angalipenda mkarafuu na kuudharau mpamba, na sisi tusingalipenda kitu. Alama ya taifa humtaka mtu aseme juu ya kitu cha mwenzake: Hiki nacho ni changu, yakinipasa kukilinda nitakilinda, na mwenye nacho akiumia ninaumia. Ndiyo maana ya neno la pili lililoandikwa miguuni pa ngao. Uhuru watu wengi huupenda upesi, maana kila mtu hujua faida yake. Umoja ni mgumu zaidi, maana huanza kwa kubeba mzigo usio wa shamba lako.

Wala hatukuachwa mikono mitupu. Jembe na shoka si vya wilaya moja. Udongo mwekundu na mawimbi si vya kabila moja. Mwana wa Bulyaga aliyeamka alfajiri kwenda shambani ameshika kwa mikono yake kile kilichochorwa katika moyo wa ngao. Mzee wa Pemba apandaye mkarafuu wake hatuoni, lakini akitazama jembe lile, naye anatuona.

Lipo pia jambo la ng'ambo. Mto Songwe ni mpaka wetu na Malawi. Ng'ambo yake wako Wangonde, ambao lugha yao na yetu ni ndugu, na mila zao na zetu zimetoka chungu kimoja. Lakini wao wanasimama chini ya bendera nyingine, nyeusi, nyekundu na kijani, yenye jua linalochomoza, iliyopandishwa siku ya uhuru wao mwezi Julai 1964. Mwaka 2010 serikali yao iliibadili, ikaweka jua zima jeupe katikati; mwaka 2012 ile ya kwanza ikarudishwa. Twajifunza mambo mawili. Kwanza, alama za mataifa huchaguliwa na watu, nazo zaweza kubadilishwa na watu. Hazikushuka kutoka mbinguni. Pili, bendera inatujulisha sisi ni raia wa wapi, lakini haina uwezo wa kukata udugu. Mtu akivuka Songwe kwenda kumzika shangazi yake, haivunji heshima ya bendera yo yote.

5. Wimbo wa Taifa

Wimbo wetu, Mungu Ibariki Afrika, ni sala. Wengi wauimbao hawakumbuki ulitoka wapi. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Aliutunga kwa lugha ya Kikhosa ili wanafunzi wake wauimbe. Alikufa mwaka 1905, wala hakuona jinsi wimbo wake ulivyokwenda mbali. Wapigania haki wa Afrika Kusini waliuimba katika mikutano yao. Mwaka 1961 Tanganyika iliuchukua, ukiwa na maneno ya Kiswahili. Zambia hutumia sauti hiyo hiyo kwa maneno mengine, na Afrika Kusini, iliyokatazwa miaka mingi kuuimba kwa uhuru, sasa imeutia ndani ya wimbo wake wa Taifa.

Maana yake nini? Tuangalie utaratibu wa mafungu yake. Fungu la kwanza laiombea Afrika yote, pamoja na viongozi wake na watu wake. Ni katika fungu la pili tu ndipo tunapoitaja Tanzania. Si kawaida ya mataifa kufanya hivyo. Nyimbo nyingi za mataifa huanza na kuisifu nchi ya mwimbaji. Sisi tumefundishwa kumtanguliza jirani katika maombi. Neno lile lile tuliloliona katika ngao twalisikia tena hapa: mwimbaji huanza na kilicho cha wote, kisha hukifikia kilicho chake.

Kwa hiyo yafaa wimbo huu uimbwe polepole na kwa kufahamu. Ziko shule ambamo watoto huukimbiza kama wanaohesabu mifuko ya chai, na maneno mengine huyatamka isivyo. Mwalimu asione haya kuusimamisha wimbo siku moja, na kuuliza baada ya kila mstari, Maana yake nini?

6. Mwenge na twiga

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, wakati bendera ya uhuru ilipopandishwa Dar es Salaam, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa amepewa kazi ya kuusimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Kilele kile Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao Wilhelm. Tangu uhuru kinaitwa Uhuru. Nyerere alikuwa amelitaja wazo hilo tangu mwaka 1959 katika Baraza la Kutunga Sheria, akitaka mwanga huo uangaze hata nje ya mipaka yetu, uwape matumaini watu waliokuwa bado wanaonewa. Wakati ule Wangonde wa ng'ambo ya Songwe walikuwa bado chini ya Waingereza, Msumbiji ilikuwa chini ya Wareno mpaka mwaka 1975, na Afrika Kusini ilibaki chini ya ubaguzi mpaka mwaka 1994. Mwenge basi hakuwashiwa Mtanganyika peke yake.

Tangu mwaka 1964 Mwenge hukimbizwa nchini, na unapofika wilayani mwetu watu hukusanyika, na majengo ya shule, zahanati au mabomba ya maji huzinduliwa. Sisi wa Rungwe tusiuone kuwa mgeni. Tumekwisha kusema habari za moto mpya wa ubusoka, uliogawiwa nyumba kwa nyumba. Moto ule haukuwa wa kutazamwa. Ulikuwa wa kupikia. Vivyo hivyo Mwenge ukipita, swali la kuuliza siku ya pili ni hili: Je, bomba lililozinduliwa jana, leo linatoa maji?

Twiga ni mnyama wa Taifa, na kumwinda kumekatazwa. Katika milima yetu ya mvua haonekani. Mwenye kutaka kumwona na aende mbuga ya Ruaha. Lakini habari yake yatufundisha. Tumeona kwamba kichwa chake kiliwekwa katika bendera ya mkoloni. Mnyama ni yule yule, shingo ni ile ile, bali maana yake imegeuka, kwa sababu wenye kuitamka maana hiyo wamegeuka. Zamani alikuwa chapa ya milki. Leo ni mali tuliyokabidhiwa kuitunza.

7. Heshima na ibada

Waalimu wengine hupata swali hili kutoka kwa wanafunzi wa kipaimara: Je, kusimama mbele ya bendera si kuiabudu sanamu? Swali hili lisidharauliwe, wala mwulizaji asikemewe.

Twajibu hivi. Tunapomsimamia mjumbe, twamheshimu aliyemtuma. Bendera haisikii maombi, haisamehi dhambi, wala haiwezi kumpa mtu mkate. Anayeijua hivyo, akasimama kimya kwa ajili ya watu na nchi iliyotajwa ndani yake, ametoa heshima, hakutoa ibada. Lakini anayesema kwamba taifa haliwezi kukosa, na kwamba kila litendwalo chini ya bendera ni haki, huyo amekwisha kuvuka mpaka, hata kama hakupiga magoti.

Na wale ambao dhamiri yao yawakataza? Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kesi ya wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa Taifa. Mahakama ikaona kwamba haki yao ya kufuata dhamiri ilistahili kulindwa. Sisi hatukubaliani nao juu ya maana ya wimbo, nasi tunauimba kwa furaha. Lakini twaona kwamba hukumu ile haikuishushia bendera heshima. Tumesema kwamba rangi nyeusi ni watu wote wa nchi. Basi na watoto wale wamo ndani yake. Mtoto akipigwa ili aimbe habari za uhuru, atajifunza sauti ya wimbo na kuikosa maana yake.

Sheria nayo inayo neno la kusema. Tangu mwaka 1971 iko sheria inayolinda alama za Taifa, ili mtu asizitumie ovyo au kwa biashara yake. Bendera iliyoraruka isiachwe mlingotini. Isifanywe kitambaa cha meza, wala isiburutwe chini. Katika siku za msiba mkuu hupeperushwa nusu mlingoti, kama ilivyokuwa Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mambo haya ni madogo, lakini mtoto aliyefundishwa kukunja bendera kwa uangalifu, akaambiwa na sababu, atakuwa amejifunza zaidi ya kukunja kitambaa.

8. Maswali kwa ajili ya mafundisho

Waalimu wayatumie maswali haya katika mikutano ya vijana na ya akina mama. Wasiyajibu wao kwanza. Wawaache watu waseme.

Moja. Taja rangi nne za bendera, na useme kila moja imetoka katika bendera ipi ya zamani.

Mbili. Kwa nini nyeusi imewekwa katikati, na dhahabu kando yake?

Tatu. Ni vitu gani vya ngao vinavyopatikana nyumbani kwako? Ni vipi visivyopatikana, na ni nani aliye navyo?

Nne. Fungu la kwanza la wimbo laombea nani? Ni nchi gani ya Afrika tunayopaswa kuitaja leo tunapoliimba?

Tano. Ni mto gani, msitu gani au shamba gani karibu na Bulyaga ambalo tumelitaja kwa rangi na kuliharibu kwa mikono? Nani atakwenda kulitazama kabla ya mkutano ujao, na kutuletea habari?